Namna ya kurekebisha jointi za modeli ya mtu kwenye Blender ili akikaa pozi asionekane mdoli

Wakuu, hii nimeiandika kwa wale ambao wameshaweza kutengeneza mtu kwenye Blender (programu ya 3D) au wameshusha modeli ya bure ya MakeHuman (programu ya kutengeneza watu wa 3D), sura imetoka safi, ngozi safi, akisimama mikono pembeni unajisifu kabisa, alafu ukimkunja goti tu anageuka bomba la mpira lililokanyagwa. Shida kubwa ni kwamba modeli nyingi zinatengenezwa zikiwa zimesimama na zinajaribiwa zikiwa zimesimama, wakati watu wetu wanachuchumaa, wanainama kufagia, wanakaa mkekani, wanasujudu. Huko ndo jointi zinaumbuka.

Mimi nilifundishwa na mteja. Alitaka anemesheni fupi ya mama anafua kwenye beseni, sekunde 12 tu, nikasema hii kazi ya siku mbili. Nikamkalisha mama kwenye kigoda, mapaja yakazama tumboni, makalio yakabonyea kama chupa ya maji, na kila akikamua nguo mkono wake mwenyewe ndo unakamuliwa, pale kwenye kifundo umekuwa mwembamba kama kamba. Mteja kanijibu kwa voisi noti huku anacheka, "fundi, huyu mama ana mifupa kweli?" Niliumia, ila alikuwa sahihi, mifupa ilikuwepo lakini yote niliiweka kwa kukisia.

Sasa kabla hujagusa kompyuta gusa mwili wako. Serious. Nyoosha mkono wa kushoto, kwa mkono wa kulia papasa kiwiko, utakuta kinundu kimoja upande wa ndani, kingine upande wa nje, na katikati nyuma kuna ile ncha ngumu. Mkono ukiwa umenyooka vyote vitatu viko kwenye mstari mmoja. Kunja mkono taratibu bila kutoa vidole, vinageuka pembetatu, ile ncha ya nyuma imeshuka na vile viwili vya pembeni havijaenda popote. Rudia mara mbili tatu mpaka uelewe unachogusa, maana hapo umepata vitu viwili kwa mpigo. Cha kwanza, kiwiko kinapindia kwenye mstari unaopita katikati ya vile vinundu vya pembeni, kwahiyo kwenye rigi, yaani ile mifupa ya kompyuta inayomwendesha modeli, mwanzo wa mfupa wa mkono wa chini ukae hapo. Cha pili, ile ncha ni mali ya mkono wa chini, inafuata mkono wa chini asilimia 100. Weiti (kipimo cha kila nukta ya ngozi inafuata mfupa gani na kwa kiasi gani) za automatiki hazijui hilo, zinaigawa nusu kwa mfupa wa juu nusu kwa wa chini, matokeo yake kiwiko kinakuwa cha mviringo kama soseji. Ingia kwenye weiti penti, chukua nukta za ile ncha zote uzipe mkono wa chini, utashangaa kiwiko kinavyochongoka chenyewe bila kugusa kitu kingine.

Fanya hivohivo kwa jointi zingine. Goti, ile pia ya goti imefungwa kwenye muundi, kwahiyo ukikunja mguu inabaki umbali uleule kutoka kwenye muundi na inazama kwenye mfereji wa mfupa wa paja, ndo maana goti lililokunjwa mbele linakuwa bapa na pana kidogo. Nyonga ndo wengi wanakosea. Ukipapasa pembeni ya paja juu kuna mfupa mgumu umetokeza, watu wanaweka jointi pale, kumbe ule ni mfupa wa paja wenyewe. Jointi iko ndani zaidi, usawa wa karibu uleule lakini chini ya katikati ya mkunjo wa kinena. Ukiiweka nje, mhusika akikaa paja linaacha shimo pembeni na kinena kinafura. Kichwa nacho, ukisema ndiyo kwa kichwa mzunguko uko juu kabisa, usawa wa masikio, haupo pale shingo inapoingia kwenye mabega, na karibu nusu ya kugeuka kulia na kushoto inafanyika kwenye pingili mbili za kwanza chini ya fuvu. Weka angalau mfupa mmoja wa kichwa na miwili ya shingo.

Vidole: angalia kiganja chako upande wa ndani, kisha geuza uone mgongo wa mkono. Upande wa nyuma vidole vinaonekana virefu zaidi, si ndio? Jointi ya kwanza ya kidole iko kwenye lile fundo la ngumi, nyuma ya pale vidole vinapoachana. Ukiweka jointi pale kwenye uwazi wa vidole utapata mkono wa katuni. Gumba linaanzia chini kabisa karibu na kifundo cha mkono, na halikunjiki uelekeo mmoja na vidole vingine, kwahiyo roli ya mifupa yake (jinsi mfupa ulivyozungushwa kwenye urefu wake) lazima uizungushe peke yake.

Sasa twende kwenye meshi, yaani ule wavu wa nukta na mistari unaounda ngozi. Hata uweke mfupa pazuri vipi, kama pale panapokunjika hakuna mistari ya kutosha utapata mkunjo wa karatasi. Mimi kwenye kiwiko na goti naweka mizunguko mitatu ya mistari kwa uchache, na upande wa nje wa mkunjo naifungua kama kipepeo ili pawe na nukta nyingi, upande wa ndani naibana iwe michache. Sababu ni kwamba nje ngozi inatanuka na inahitaji vya kutanuka, ndani inajikunja tu. Modeli ianze mikono ikiwa imeshuka kama digrii 45, isipanuliwe kama msalaba, maana bega likianzia katikati ya safari yake linateseka kidogo ukiupandisha na kidogo ukiushusha. Viwiko na magoti yaache yamepinda kidogo sana kwenye pozi la kuanzia, ukinyoosha kabisa IK (njia ya kuvuta unyayo au kiganja tu, jointi za juu zikajikunja zenyewe) haitajua ikunje upande gani na siku moja utaamka goti limekunjika kama la kuku.

Ukishaunganisha meshi na rigi kwa weiti za automatiki, jaribu kwanza kukunja na kusokota. Hapa inabidi uelewe kinachotokea la sivyo utapaka weiti mpaka asubuhi. Nukta ambayo ni nusu ya mfupa huu na nusu ya ule, kompyuta inatafuta ingekuwa wapi kama ingefuata wa kwanza, ingekuwa wapi kama ingefuata wa pili, alafu inaiweka katikati kwa mstari ulionyooka. Sasa chora duara kwenye karatasi, weka nukta mbili kwenye ukingo, moja huku moja ng'ambo, tafuta katikati yake. Uko ndani ya duara, si ndio? Ndo maana mkono ukisokotwa unapungua unene, na ukiusokota digrii 180 katikati panakuwa pamebanwa kabisa kama nguo inayokamuliwa. Weiti zako ni nzima, ni hesabu tu. Kwenye modifaya ya Armature kuna kisanduku kimeandikwa Preserve Volume, ukikitiki hesabu inabadilika na unene unabaki, lakini kina tabia ya kufurisha viwiko na magoti kwa nje, kwahiyo tiki uangalie, usipopapenda toa. Mimi naitoa mara nyingi kuliko ninavyoiweka.

Dawa ya kweli ya kusokota ni kuwa na mifupa ya kusokota. Shika mkono wako karibu na kiwiko, geuza kiganja juu na chini. Karibu na kiwiko ngozi haiendi sana, katikati inaenda nusu, karibu na kifundo inaenda yote. Kuna mifupa miwili mle ndani na mmoja unavuka juu ya mwenzake, kifundo chenyewe hakisokoti hata kidogo. Kwahiyo ongeza mfupa mmoja kwenye nusu ya chini ya mkono, uwe mtoto wa mkono wa chini, upe konstreinti (sharti la mfupa) ya Copy Rotation ikopi kutoka kiganja, ekseli (mhimili) ya Y tu, kwa Local Space, inflyuensi (nguvu yake) 0.5. Weiti za nusu ya chini zihamishie huko. Kiganja kisiwe mtoto wa huo mfupa mpya, vitafukuzana mkia na Blender itaanza kulalamika. Modeli zilizorigiwa na Mixamo (tovuti ya kurigi kiotomatiki) hazina huu mfupa, kwahiyo ukichukua ya kule ujue hii kazi inakusubiri. Rigify, ile rigi ya tayari inayokuja na Blender, yenyewe inagawa mikono na miguu vipande, umeponea hapo.

Bega sasa. Hili ndo linawatoa watu machozi na mimi sidhani kama kuna mtu analipatia mara ya kwanza. Kosa ni kudhani bega ni jointi moja. Weka kiganja cha kulia juu ya bega la kushoto, vidole vikae nyuma kwenye bapa la bega, alafu nyanyua mkono wa kushoto pembeni mpaka juu. Mwanzoni bapa limetulia. Ukipita kama digrii 30 linaanza kuteleza na kuzunguka kwenye mbavu, mtulinga nao unapanda. Mkono ukifika juu kabisa, digrii 180, takribani 120 zimetoka kwenye jointi ya bega yenyewe na 60 zimetoka kwenye bapa. Yaani kila digrii 3 za kunyanyua, 1 ni ya bapa. Kama rigi yako inazungusha mfupa wa mkono peke yake digrii zote 180, ngozi ya bega lazima izame kwenye shingo, hakuna weiti itakayokuokoa.

Kwahiyo lazima uwe na mfupa wa mtulinga, unaanzia karibu na shimo la koo unaishia juu ya jointi ya bega, na ukipozi unanyanyua mtulinga kwanza alafu mkono. Nimejaribu kuuwekea draiva (kanuni inayofanya thamani moja iongozwe na nyingine) ujinyanyue wenyewe, inawezekana, ila mtulinga ndo mzazi wa mkono na ukiweka vibaya unapata duara, kila kimoja kinasubiri mwenzake, kwahiyo kama ndo unaanza fanya kwa mkono tu, utazoea ndani ya wiki. Weiti za mtulinga zifike mpaka kwenye msuli unaotoka shingoni, na nyuma ziguse bapa. Kwapa nalo liangalie kwa upande wa mbele, ule ukuta wa msuli wa kifua unaoingia kwenye mkono usiugawe sana kwa mbavu, mkono ukipanda ukuta huo unanyooka kwenda juu, ukiuacha na mbavu kwapa linachanika.

Kwa yale mabaki ambayo weiti zimeshindwa kuna njia mbili. Ya haraka, weka modifaya ya Corrective Smooth chini ya Armature, inalainisha mikunjo na kwa picha moja ya kusimama inatosha. Ya uhakika ni shepu kii za kurekebisha, yaani umbo la pili la meshi unalolihifadhi na kuliwasha kwa kiasi unachotaka. Kunja goti mpaka mwisho, ingia kueditisha meshi huku modifaya ya Armature ukiwa umeiruhusu ionekane kwenye edit modi, alafu sogeza nukta mpaka goti lifanane na goti. Badili mfupa utumie XYZ Euler, kopi ile rotesheni ya kukunjia kama draiva, ipeisti kwenye thamani ya shepu kii. Usisahau Blender hapo inahesabu kwa radiani, digrii 90 ni 1.57, digrii 120 ni kama 2.09, kwahiyo kama unataka shepu ikamilike kwenye 120 gawa namba kwa 2.09. Ikija kinyume weka alama ya kutoa. Nilihangaika nusu siku goti linalipuka kama puto kabla sijajua kwamba nimeweka digrii kwenye hesabu ya radiani.

Baada ya hapo funga mipaka. Kiwiko kinakunja mpaka kama 145 na hakirudi nyuma isipokuwa kidogo sana, na kinapinda kwenye ekseli moja, zile zingine zifunge kabisa. Kifundo cha mkono kama 80 kuinama na 70 kurudi nyuma, pembeni 20 upande wa gumba na 30 upande wa kidole kidogo. Nyonga mbele 120 goti likiwa limekunjwa, goti likinyooka unafika 90 kwa shida, na nyuma ni kama 20 tu, zaidi ya hapo kiuno ndo kinajipinda. Kiuno chenyewe kinazunguka kidogo mno, mtu akigeuka nyuma kazi inafanywa na kifua na shingo, kwahiyo ukizungusha mfupa wa kiuno digrii 40 umemvunja mtu. Kitu cha kujua, konstreinti ya Limit Rotation haisikilizwi na IK, ukitumia IK mipaka yake iko kwenye paneli ya mfupa wenyewe.

Goti nimeliacha makusudi. Vipimo vya kawaida vinasema 135 mpaka 140 na rigi nyingi zimefungwa hapo. Mtu anayechuchumaa kupuliza jiko la mkaa, au aliyekaa juu ya visigino vyake kwenye mkeka, anapita 150, paja na shavu la mguu vinagusana. Fungua mpaka 155 alafu tengeneza shepu kii ambayo shavu la mguu na nyuma ya paja vinabanwa na kutanuka pembeni, kama maandazi mawili yamebanana kwenye sahani. Nyama haipotei, inahama. Kama huoni imehamia wapi pozi halijaisha.

Upande wa mapozi yenyewe mimi nina majaribio matatu, modeli ikifaulu yote naituma.

La kwanza kuchuchumaa visigino vikiwa chini. Watu wanashusha makalio tu, mhusika anaonekana anakaa kwenye choo kisichoonekana. Chuchumaa mwenyewe mbele ya kioo uone, magoti yanapita mbele ya vidole vya miguu, kifundo cha mguu kinakunja sana, mgongo unajikunja, kifua kinaingia katikati ya mapaja na mikono inakwenda mbele. Ukitoa kimoja tu kati ya hivyo, uzito unabaki nyuma na mtu wa kweli angeanguka chali. Chukua mstari wima kutoka katikati ya mwili kwenda chini, uangukie ndani ya nyayo. Ukiangukia nyuma ya visigino, sogeza mwili wote mbele, usihangaike na vidole.

La pili ndoo kichwani. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji, kwahiyo kichwa hakichezi, shingo imenyooka, ndoo, kichwa na kifua ni mstari mmoja na kazi ya kusawazisha yote inafanyika chini, nyonga zinakwenda kulia na kushoto chini ya mzigo. Mguu unaobeba uzito, nyonga ya upande huo inapanda na ile nyingine inashuka. Kwa mtu asiye na mzigo mabega yangeinama kinyume na nyonga, ila hapa mabega yanabaki karibu sawa, na tofauti hiyo ndogo ndo inamfanya mtazamaji aamini kuna maji kwenye ndoo. Kama mkono mmoja umeshika ndoo, mtulinga wa upande huo umepanda, nimeshasema bega sitarudia.

Vidole vya mkono unaoning'inia usiviache vimenyooka. Mkono uliotulia vidole vimekunjika kidogo, cha shahada ndo kimenyooka zaidi, kidole kidogo ndo kimekunjika kuliko vyote. Na kiganja kikirudi nyuma vidole vinajikunja vyenyewe, kikiinama vinafunguka, jaribu sasa hivi. Ukikunja ngumi ncha za vidole hazishuki sambamba kama meno ya uma, zote zinaelekea sehemu moja chini ya gumba. Jointi ya mwisho ya kidole haijikunji peke yake kwa watu wengi, kwahiyo ikopi kutoka ile ya katikati kwa inflyuensi ya 0.6 au 0.7 na usahau.

La tatu kusujudu. Hili linatesa modeli kuliko pozi lolote ninalolijua maana linashika kila kitu kwa wakati mmoja: magoti yamekunjwa sana, nyonga zimekunjwa sana, mgongo umeshuka, viganja vimelala chini usawa wa mabega, viwiko vimenyanyuka, paji la uso na pua vimegusa mkeka, na vidole vya miguu vimekunjwa vikitazama mbele. Hapo kwenye vidole ndo utajua kama rigi ina mfupa wa vidole vya miguu au mguu wako ni kama pasi. Mfupa wa vidole uanzie kwenye mafundo ya chini ya vidole, pale unaposimama kwa kuchungulia dirishani, na uweze kurudi nyuma digrii 60 au zaidi. Angalia pia viganja, vimelala chini huku mkono unakuja kwa mshazari, kifundo kimerudi nyuma, kikizidi 70 usikilazimishe, sogeza viganja mbele kidogo au shusha kiwiko kidogo.

Kila pozi ukimaliza, liangalie kwa upande na kwa nyuma likiwa jeusi tupu bila taa, yaani kivuli tu. Kiwiko kikiwa hakisomeki kwenye kivuli, hata ngozi nzuri haitakisaidia. Na sevu faili kwa jina jipya kabla ya kuanza kuchezea shepu kii, maana ukifuta au kuongeza mistari kwenye meshi baada ya hapo kuna uwezekano mkubwa shepu zote zivurugike uanze upya goti la kulia, na la kushoto, na viwiko.